Kuwapeleka Watoto Salem Msimu wa Halloween: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Oktoba inapokaribia, wazazi wenzangu kutoka Afrika Mashariki na Kongo tunaoishi hapa Massachusetts hubanwa na watoto: shuleni gumzo ni Halloween, sherehe ya tarehe 31 Oktoba ambapo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kukusanya peremende, na kila mtoto anataka kupelekwa Salem, mji unaojulikana kwa kesi za uchawi za mwaka 1692. Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia dada mmoja wa Worcester kupanga safari hiyo pamoja na mumewe na watoto wao watatu, mdogo akiwa na miaka 4 na mkubwa 11. Msimamo wangu ni kwamba Salem inawafaa watoto, mradi mwende mchana, mwende kwa treni, na muutembelee kama mji wa bandari wenye historia nzito, huku mambo ya vitisho yakiachiwa watu wazima wanaoyapenda.

Hatua ya kwanza: chagueni siku

Sherehe za mji huo, ziitwazo Haunted Happenings, zilianza mwaka 1982 na sasa zimeujaza mwezi mzima wa Oktoba. Mji wenye wakazi wapatao 44,000 hupokea wageni zaidi ya milioni moja katika mwezi huo mmoja, kwa hiyo uchaguzi wa siku si jambo dogo. Siku ya kazi ni bora kuliko wikendi, na asubuhi ni bora kuliko jioni. Mkilazimika kwenda wikendi, fikeni kabla ya saa nne asubuhi na muondoke kabla ya saa kumi alasiri. Tarehe 31 yenyewe siipendekezi kabisa kwa familia yenye watoto wadogo: barabara za katikati ya mji hufungwa, umati huwa wa watu wazima, na jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Siku hiyo bakini mtaani kwenu, watoto wapite nyumba zenye taa za barazani zinazowaka, wakusanye peremende na kurudi mapema.

Hatua ya pili: usafiri

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia, hivyo nitaeleza kwa kirefu.

Msiende Salem kwa gari. Mji uko kilomita zipatazo 25 tu kaskazini-mashariki mwa Boston, na umbali huo mfupi ndio unaowadanganya watu. Mitaa yake ilipimwa karne nyingi kabla ya magari, maegesho hujaa asubuhi na mapema, na barabara namba 114 inayoingia mjini kutoka Peabody huwa foleni isiyosogea. Mtoto wa miaka 4 aliyefungwa mkanda katika foleni hiyo, bila choo karibu, huwa amechoka na safari kabla hajaona hata boga moja. Mamlaka za mji zenyewe huwasihi wageni kila mwaka watumie treni.

Treni za abiria za MBTA, shirika la usafiri wa umma la eneo la Boston, ziendazo Salem huondoka kituo cha North Station, ambacho kiko chini ya uwanja wa TD Garden, na safari huchukua takriban nusu saa. Zingatieni jina la kituo. Boston ina vituo viwili vikuu, North Station na South Station, na hakuna treni ya abiria inayoviunganisha moja kwa moja. Watokao Lowell hawana shida, kwa kuwa njia yao huishia North Station. Watokao Worcester ndio hukwama, kwa sababu njia yao huishia South Station. Wao wasifike huko mwisho, bali washuke Back Bay, waingie Orange Line ya chini ya ardhi, na wateremke North Station bila kubadili tena. Nauli ya Orange Line hulipwa kando, kwani tiketi ya treni ya abiria haiigusi.

Kuhusu tiketi, watoto wa miaka 11 na chini yake husafiri bure wakiwa na mtu mzima aliyelipa. Wikendi, watu wazima wanunue tiketi ya wikendi ya dola 10, ambayo huruhusu safari zisizo na kikomo Jumamosi na Jumapili, na ambayo ni nafuu kuliko tiketi mbili za kawaida za kwenda na kurudi. Inunueni katika programu ya simu ya MBTA mkiwa bado nyumbani. Mkisubiri kununua mkiwa Salem wakati wa kurudi, mtakuta maelfu ya watu wanagombania mtandao uleule, na simu hushindwa kufungua ukurasa wa malipo. Beba pia betri ya akiba, kwa maana simu iliyozimika ni tiketi iliyopotea.

Sasa nitaje njia ninayoipenda kuliko zote kwa familia yenye kigari cha mtoto au mizigo mingi: endesheni gari hadi Beverly, mji unaofuata kaskazini mwa Salem, mliegeshe kwenye jengo la maegesho lililo karibu na kituo cha treni, kisha mpande treni ielekeayo Boston na kushuka kituo kinachofuata, ambacho ndicho Salem. Ni safari ya dakika chache, na watoto huvuka daraja la reli juu ya maji wakiwa dirishani. Faida yake kubwa huonekana jioni: wakati umati unapobanana kurudi Boston, ninyi mnakwenda upande wa pili, ambako treni huwa na nafasi. Kuna tahadhari mbili. Kwanza, njia hii hugawanyika baada ya Beverly, tawi moja likielekea Newburyport na jingine Rockport. Kwa wanaoshuka Beverly treni yoyote inafaa, lakini aliyeegesha mbele zaidi, tuseme Ipswich, lazima asome kwa makini jina la mwisho wa safari kabla hajapanda. Pili, ratiba ya wikendi ina treni chache kuliko ya siku za kazi. Ingawa MBTA huongeza safari mwezi Oktoba, baadhi ya wikendi reli hufanyiwa matengenezo na abiria huhamishiwa kwenye mabasi. Angalieni matangazo usiku wa kuamkia safari, na mwandike saa za treni tatu za kurudi kwenye karatasi.

Hatua ya tatu: mavazi

Nunueni vazi la Halloween lililo kubwa kidogo ili livaliwe juu ya sweta au koti, kwa sababu upepo wa baharini ni mkali na baridi huingia ghafla jua likielekea kuzama. Vinyago vinavyofunika uso mzima viacheni nyumbani, kwani mtoto haoni anakokanyaga, na wewe humtambui katikati ya wengine. Asubuhi mpige picha akiwa na vazi lake, kisha mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika.

Hatua ya nne: zungumzeni na watoto kabla ya kwenda

Wazazi wengi wetu, Waislamu na Wakristo, husita kwa sababu Salem inajulikana kwa uchawi. Mimi nadhani historia yenyewe ndiyo sababu nzuri ya kwenda. Mwaka 1692 majirani walianza kushtakiana kwa uchawi. Watu 19 walinyongwa, mzee Giles Corey alikandamizwa kwa mawe hadi akafa, na wengine walifia gerezani. Hawakuwa wachawi. Walikuwa watu waliosingiziwa, baadhi yao wakiwa maskini, wajane au wagomvi ambao jamii haikuwapenda. Miongoni mwa waliotiwa minyororo alikuwamo mtoto wa miaka minne hivi, Dorothy Good.

Mtoto wa miaka 10 na zaidi anaweza kuelezwa kwamba jambo hili halikuishia Marekani. Usukumani vikongwe wamewahi kuuawa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, wekundu ulioletwa na moshi wa kupikia wa miaka mingi, na Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyohiyo. Mwelezeni pia habari ya Elizabeth Johnson: alihukumiwa kifo katika kesi hizo bila kunyongwa, na jina lake halikusafishwa kisheria hadi mwaka 2022, baada ya wanafunzi wa darasa la nane wa North Andover kuisukuma hoja hiyo pamoja na mwalimu wao mpaka ikapita bungeni. Watoto huipokea habari hiyo kwa namna ya pekee, kwa kuwa waliofanya kazi hiyo ni wa umri wao. Wadogo waambieni tu kwamba tunakwenda kuwakumbuka watu walioonewa, na kwamba wanaopita na kofia ndefu zilizochongoka wamevaa kwa ajili ya mchezo.

Hatua ya tano: ratiba ya mjini

Anzieni kwenye kumbukumbu ya wahanga, iliyozinduliwa mwaka 1992 kando ya makaburi ya zamani ya Charter Street. Ni ua wenye ukuta wa mawe ambamo vibao 20 vya jiwe vimejitokeza kama viti, kila kimoja kikiwa na jina la mtu, tarehe na namna alivyouawa, na wageni huweka maua juu yake. Asubuhi pametulia. Kufikia adhuhuri huwezi tena kusoma kwa utulivu, ndiyo maana nasisitiza iwe ya kwanza.

Kisha ingieni Peabody Essex Museum, ambayo ina joto, vyoo safi, na watoto hadi miaka 16 huingia bure. Chimbuko lake ni chama kilichoanzishwa mwaka 1799 na manahodha wa Salem, ambacho kiliwapokea wale tu waliokwisha kupita Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Hapa tunayo historia yetu wenyewe. Meli za Salem zilikuwa zikienda Unguja kuuza kitambaa cha merikani na kurudi na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Marekani ilipofungua ubalozi mdogo Unguja mwaka 1837, aliyeuongoza kwanza alikuwa Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem. Watoto wenye asili ya pwani nawashauri waambiwe hili wakiwa wamesimama ndani ya East India Marine Hall, ukumbi uliojengwa mwaka 1825. Katika makumbusho hayohayo kuna Yin Yu Tang, nyumba nzima ya Kichina iliyobomolewa na kujengwa upya hapo. Ulizeni mlangoni utaratibu wa kuingia.

Mchana watoto wakimbie kwenye Derby Wharf, gati ndefu ya mawe yenye mnara mdogo wa taa mwishoni. Hakuna kiingilio, na hata wikendi nafasi hupatikana. Uwanja wa Salem Common una sehemu ya michezo ya watoto. Nyumba za vitisho za kulipia msiwaingize walio chini ya miaka 9, hata wakibembeleza. Giza, kelele na watu wanaorukia wageni huwarudia usiku kwa ndoto mbaya.

Kabla ya kuanza kutembea, kubalianeni mahali pa kukutania mtu akipotea. Mimi huchagua sanamu ya mwandishi Nathaniel Hawthorne, iliyo kwenye barabara yenye jina lake, kwa kuwa huonekana kwa mbali.

Hatua ya sita: chakula

Bebeni chenu. Foleni za mikahawa ni ndefu mno.

Hatua ya saba: kulala na kwenda shambani

Mkiweza kulala usiku mmoja, tafuteni hoteli Danvers au Peabody, si Salem, ambako bei hupanda na vyumba huisha miezi kadhaa kabla. Danvers ndiyo iliyokuwa Salem Village, kijiji ambako shutuma za mwaka 1692 zilianzia, na bado ipo nyumba ya Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71 aliyenyongwa Julai mwaka huo.

Siku ya pili nendeni shambani. Connors Farm ya Danvers hukata vichochoro ndani ya shamba la mahindi ili watu wapotezane humo, na Russell Orchards ya Ipswich ina mifugo, matufaha na maandazi ya kukaanga yaliyokandwa kwa maji ya tufaha. Mnunue maboga mawili. La kuchonga liwe kubwa na la kusimama imara, lichongwe siku tatu au nne tu kabla ya tarehe 31, kwa maana likichongwa mapema huoza. La pili liwe dogo, lile linalouzwa kwa ajili ya kupikia. Nyama yake ni nzito na tamu, na ndilo linalofaa kupikwa kwa nazi na iliki, ilhali lile kubwa hutoa maji na halina ladha.