Kabla Hujanunua Chipu Hata Moja: Kujitengenezea Taa ya LED ya Kuoteshea Mimea Ndani

Nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam zimebanana kiasi kwamba dirisha la sebuleni linatazama ukuta wa jirani. Anayetaka kuotesha miche ya nyanya au saladi kwenye chumba cha namna hiyo hana budi kuleta mwanga mwenyewe. Taa ya LED ya kujitengenezea inawezekana, na sehemu kubwa ya vifaa vyake inapatikana Kariakoo. Tatizo ni kwamba wengi huanzia dukani. Wanaona picha za vyumba vyenye mwanga wa zambarau, wananunua chipu (vipande vidogo vya LED) za zambarau, kisha ndipo wanaanza kuuliza zifungwe wapi na zimulike nini. Utaratibu unaofaa ni kinyume chake: mmea kwanza, kisha meza, kisha umeme, na taa yenyewe mwisho.

Kabla ya yote, hakikisha kweli unaihitaji. Pakua programu ya kupima mwanga kwenye simu, uilaze mahali utakapoweka miche, usome luksi (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni. Programu hizi hazina usahihi wa kipimo cha maabara, lakini zinatosha kwa uamuzi huu. Jua la mchana nje linafika luksi 100,000 hivi. Mita mbili ndani ya dirisha linalotazama ukuta unaweza kupata mia kadhaa tu, ingawa wewe unaona chumba kina mwanga wa kutosha, kwa kuwa mboni ya jicho hujipanua bila kukuomba ruhusa. Kama una kibaraza, paa la zege au kona ya uani inayopata jua kwa saa tano au sita, peleka makopo yako huko na uachane na makala hii. Jua halina LUKU.

Ukishaamua kwamba taa inahitajika, taja mmea kwa jina. "Mimea ya ndani" haitoshi, kwa kuwa mahitaji yanatofautiana sana. Wataalamu wa kilimo cha ndani hawapimi mwanga kwa luksi bali kwa mikromoli, yaani idadi ya chembe za mwanga zinazoangukia mita mraba moja kila sekunde, katika masafa ya nanomita 400 hadi 700 ambayo mmea unaweza kuyatumia. Miche michanga hustawi kwenye mikromoli 100 hadi 200. Saladi na mboga nyingine laini za majani hutaka kama 200 hadi 250. Nyanya inayobeba matunda hutaka 400 na kuendelea, tena kwa saa nyingi. Kwa mwanga mweupe wa LED, mikromoli moja ni sawa na luksi 70 hivi, kwa hiyo programu yako ya simu bado ina kazi: miche inataka karibu luksi 7,000 hadi 14,000, saladi 14,000 na zaidi kidogo. Ushauri wangu ni kuotesha miche ndani na kuihamishia nje, au kulima mboga za majani. Nyanya ya kuvunwa sebuleni itakula umeme wa bei kubwa kuliko fungu zima la nyanya sokoni. Mchicha nao hupenda jua kali kuliko watu wanavyodhani. Kwenye mwanga hafifu unarefuka, unalegea na majani yanabaki madogo.

Sasa pima meza. Eneo linalomulikwa ndilo linaloamua ukubwa wa taa. Tuchukue meza ya urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 40, karibu nusu mita mraba. Ukitaka luksi 14,000 juu ya nusu mita mraba, mimea ipokee lumeni 7,000; lumeni ni jumla ya mwanga, na luksi moja ni lumeni moja kwa mita mraba. Sehemu ya mwanga itapotelea pembeni, ukutani na sakafuni, hivyo taa zako zitoe kama lumeni 10,000. Tyubu nzuri ya LED ya futi nne, wati 18, hutoa lumeni 1,800 hivi; utahitaji tano au sita. Kwa miche peke yake, tatu zinatosha. Soma lumeni zilizoandikwa kwenye boksi na uache kabisa maneno kama "sawa na wati 100". Boksi lisilotaja lumeni lirudishe kwenye shelfu. Upotevu wa pembeni unapunguzwa kwa gharama ndogo: paka rangi nyeupe isiyong'aa ukutani na chini ya meza, au simamisha mbao nyembamba zilizopakwa rangi hiyo. Karatasi ya aluminiamu iliyokunjamana inarudisha mwanga vibaya na kutengeneza madoa makali.

Zidisha wati kwa saa kabla hujatoa pochi. Tyubu sita za wati 18 ni wati 108. Zikiwaka saa 14 kwa siku zinakula uniti 1.5, yaani uniti 45 kwa mwezi. Tatu za miche zinakula karibu 23. Kwa nyumba iliyo kwenye D1, daraja la TANESCO la watumiaji wadogo wa umeme, hapa ndipo pa kukaa chini na kalamu: bei nafuu ya daraja hilo inaishia uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo inalipiwa bei ya juu zaidi. Kaya inayotumia uniti 50 haitaona tofauti ya kutisha ikiongeza miche kwa wiki sita. Ikiweka bustani ya saladi ya kudumu itavuka mpaka kila mwezi. Kama mita ni ya kuchangia na wapangaji wengine, zungumza nao mapema, kwa sababu taa inayowaka saa 14 haifichiki.

Kuhusu rangi, nenda na nyeupe. Ni kweli kwamba klorofili, rangi ya kijani ya majani, hunyonya zaidi bluu na nyekundu, na hapo ndipo ulipoanzia mtindo wa taa za zambarau. Lakini kijani nacho kinatumika. Kinapenya ndani zaidi ya jani na hata kufikia majani ya chini. Isitoshe, LED nyeupe si nyeupe kwa asili. Ni chipu ya bluu iliyofunikwa kwa unga wa fosfa unaogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa njano na nyekundu. Ndiyo maana LED ya bluu ilikuwa kitu kikubwa kiasi cha Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura kupewa Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Ukinunua nyeupe ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4,000 hadi 6,500, bluu ya kuzuia miche isirefuke ovyo tayari imo. Kuna sababu nyingine ambayo wauzaji hawaitaji: chini ya mwanga wa zambarau huwezi kuona jani linaloanza kuwa njano, wala utitiri chini ya jani. Na dirisha linalong'aa zambarau hadi usiku wa manane litakuletea maswali ambayo mche wa hoho hauwezi kuyajibu.

Baada ya hesabu hizo ndipo unachagua njia ya kutengeneza. Ya tyubu ni rahisi kuliko zote na ndiyo ninayompendekezea mtu wa mara ya kwanza. Zipange kwenye fremu moja, ziachane kwa nafasi sawa katika upana wote wa meza ili mwanga usiwe na mistari. Angalia aina ya tyubu: nyingine huingiza umeme upande mmoja tu, nyingine pande zote mbili, na maelekezo huwa yamechorwa ubavuni. Ukitumia fremu kuukuu ya taa za zamani, choki na stata (vifaa vya kuwashia tyubu za zamani) vitolewe na nyaya zifungwe upya. Tyubu ya pande mbili ina hatari yake, kwa kuwa ukiichomeka upande mmoja wakati umeme upo, pini za upande wa pili zinaweza kuwa na umeme. Zima swichi kwanza, kila mara.

Njia ya pili ni chipu moja moja za wati 3 na draiva yake, yaani kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye chipu. Inavutia wapenda ufundi, na ndiyo yenye mitego mingi. LED ya nguvu huendeshwa kwa ampea zilizodhibitiwa, kwa hiyo draiva iwe ya mkondo usiobadilika. Chipu nyeupe ikipewa miliampea 600 hutumia volti 3.2 hivi. Kumi zikifungwa kwa msururu mmoja ni volti 32, kwa hiyo tafuta draiva iliyoandikwa, kwa mfano, volti 25 hadi 40, miliampea 600. Msururu ukiwa chini ya kiwango cha draiva au juu yake, taa itapepesa, au haitawaka kabisa. Na ufanye hesabu ya wati upya: volti 3.2 kwa miliampea 600 ni wati 2 kasoro, si 3, kwa hiyo chipu kumi za "wati 3" zinakupa wati 19. Funga chipu zote kwenye draiva kabla ya kuwasha. Draiva iliyowashwa ikiwa haina mzigo hupandisha volti, na chipu inayoguswa nayo wakati huo inaweza kufa palepale.

Joto ndilo linaloua taa za kujitengenezea kuliko kingine chochote. LED haichomi kwa mbele kama balbu ya zamani, na hilo linawadanganya watu. Joto linatoka mgongoni, na kwa chipu za bei ya kawaida zaidi ya nusu ya umeme unaoingia unaishia kuwa joto. Lazima likimbilie kwenye chuma. Mafundi wa madirisha ya aluminiamu huwa na vipande vya mabaki ambavyo watakuuzia kwa bei ya chuma chakavu, na kipande kizito chenye umbo la herufi U kinafaa sana. Kisafishe, paka mafuta maalumu ya kupitisha joto chini ya kila chipu, kaza kwa skrubu, usiache nafasi ya hewa. Kumbuka pia kwamba hesabu nyingi za mtandaoni zimefanywa kwa chumba cha nyuzi 20 au 25. Chumba cha Dar mwezi wa Februari kinafika 30 na ushee kabla hujawasha kitu, kwa hiyo ongeza chuma au ongeza feni ndogo ya kompyuta ya volti 12. Kipimo changu cha haraka ni mkono: baada ya saa moja aluminiamu iweze kushikwa bila kuruka. Ikikufukuza, punguza ampea au ongeza chuma.

Kuna chipu pana za wati 50 zinazouzwa rahisi zikiwa zimeandikwa volti 220, hazihitaji draiva. Ziache. Vituo vya kuchomelea waya viko wazi na vina umeme wa nyumba moja kwa moja, vikitengwa na bati la nyuma kwa utando mwembamba tu. Weka kitu hicho juu ya meza inayomwagiliwa maji kila siku na umetengeneza mtego. Mwanga wake pia hupepesa mara 100 kwa sekunde na kuchosha macho.

Wenye sola hupenda mikanda ya LED ya volti 12, kwa sababu inafungwa kwenye betri bila kigeuzi. Inafaa kwa miche michache, ila betri inapochajiwa inaweza kufika volti 14.4, na mkanda uliotengenezwa kwa 12 utapitisha umeme mwingi kuliko uwezo wake. Weka kifaa kidogo cha kushusha volti katikati, na usiunge zaidi ya mita tano kwa mfululizo. Mwisho wa mkanda utafifia.

Maji na umeme vitakaa jirani kwa wiki nyingi, kwa hiyo panga njia ya nyaya kabla ya kutoboa ukuta. Soketi iwe juu ya usawa wa meza au pembeni kabisa, kamwe isiwe chini ya makopo. Acha waya uning'inie kidogo chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone linalotelezea juu yake lidondoke sakafuni. Draiva ikae nje ya eneo la kunyunyizia. Fremu yote ya chuma iunganishwe na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), na kama soketi zako ni za pini mbili zisizo na ethi, huo ndio wakati wa kumwita fundi mwenye leseni ya EWURA, si baada ya kupigwa shoti. Pazia lisiguse taa. Fremu itundikwe kwa minyororo ili iweze kupanda na kushuka. Taa iliyopigiliwa misumari itakulazimu kupandisha makopo kwa matofali.

Taima ni ya lazima, kwani hakuna mtu anayekumbuka swichi kwa mwezi mzima. Saa 14 hadi 16 zinatosha kwa miche mingi. Usiiache iwake saa 24 ukidhani unaharakisha mambo: nyanya ikinyimwa giza majani hupata njano na kudhoofika. Kama mgao wa umeme ni wa kawaida mtaani, chagua taima yenye betri ya ndani, la sivyo kila umeme ukikatika ratiba inasogea.

Kabla ya kuleta mche wowote, washa taa juu ya meza tupu jioni nzima ukiwa nyumbani. Shika plagi, shika draiva, shika aluminiamu. Pima luksi katikati na pembe zote nne. Pembe zikiwa chini ya nusu ya katikati, sogeza tyubu za nje. Anza na taa ikiwa sentimita 30 juu ya miche, uishushe kidogo kidogo mpaka 20, ukitazama majani: yakikunjamana au kupauka, pandisha. Miche itakapokuwa tayari kutoka nje, kumbuka kwamba inatoka kwenye luksi 14,000 kwenda 100,000. Ipe saa moja ya jua la asubuhi siku ya kwanza, kisha kivuli, na uongeze muda kidogo kidogo kwa wiki moja kabla ya kuipanda shambani.