Camry ya zamani Marekani: anza na oili

Wengi wetu tukifika Marekani tunaanza maisha na Camry. Bei inavumilika, spea zimejaa, na hakuna fundi asiyeijua. Zile za mwaka 2007 hadi 2009 bado zipo nyingi barabarani, na ndizo ninazozisemea hapa, hasa zenye injini ya silinda nne ya lita 2.4. Ni gari zuri la familia. Tatizo ni kwamba nyingi kati ya injini hizo hula oili, na mwenye gari asiyelijua hilo anaweza kuiua injini huku sevisi zote akizifanya kwa wakati.

Ringi za pistoni zina kazi ya kukwangua oili kwenye kuta za silinda na kuirudisha chini kupitia matundu madogo. Kwenye injini hii matundu huziba kwa masizi, ringi zinaganda, na oili inaungua pamoja na petroli. Chini ya gari hutaona tone, na mara nyingi hata moshi hauonekani. Toyota waliwahi kuongeza dhamana kwa ajili ya tatizo hili: gari likila zaidi ya kwati moja, yaani karibu lita nzima, ndani ya maili 1,200, lilihesabiwa bovu. Muda wa dhamana hiyo umeshapita, kwa hiyo mlinzi wa injini sasa ni wewe.

Usingoje taa nyekundu kwenye dashibodi. Taa ile inaonyesha presha ya oili, haionyeshi kiasi kilichobaki, na ikiwaka injini imeshaanza kuumia. Pima mwenyewe kila unapojaza petroli. Gari liwe mahali tambarare, zima injini, subiri kama dakika tano, chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe hadi mwisho, kisha kichomoe tena usome. Ikishuka kuelekea alama ya chini, ongeza kidogo kidogo huku ukipima, usipite alama ya juu. Weka chupa moja ya oili kwenye buti wakati wote. Anayetoka zamu moja kwenda nyingine, na maili zinaruka kila wiki, asipuuze hili hata kidogo.

Kumwaga oili fuata kitabu cha gari, ambacho kwa Camry hizi kinasema kila maili 5,000 au miezi 6. Stika ya maili 3,000 ambayo gereji wanakubandikia kwenye kioo si amri ya Toyota.

Nyumbani tumezoea kumpigia fundi simu aje hadi getini. Ufundi ni nafuu, spea ndizo zinazouma. Marekani ni kinyume: spea zina bei ya kawaida, ila gereji inakutoza kwa saa. Kwa hiyo kazi nyepesi zifanye mwenyewe. Chujio la hewa ya ndani, ambalo gereji nyingi hulitoza pesa nzuri, liko nyuma ya kile kiboksi cha kuwekea vitu kwenye dashibodi, upande wa abiria: toa vitu vyote, fungua kikono kinachokizuia, bana kuta zake mbili kwa ndani, nacho kinashuka chote. Huhitaji hata bisibisi. Taa ya injini ikiwaka, pita kwanza kwenye maduka ya spea kama AutoZone au O'Reilly, wanakusomea bila malipo namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari. Plagi zake za iridiamu zinafika maili 120,000, kwa hiyo usikubali kubadilishiwa kila mwaka.

Kabla ya kutumia pesa yoyote kubwa, ingiza namba ya chasi yenye tarakimu na herufi 17 kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya Marekani ya usalama wa magari, uone kama gari lako limeitwa na kiwanda lirekebishwe. Mwaka 2012 Toyota waliyaita yarekebishwe magari zaidi ya milioni 7 duniani, Camry hizi zikiwemo, kwa sababu swichi ya vioo upande wa dereva ingeweza kupata moto. Wenye Honda Accord na Corolla za miaka hiyo waangalie zaidi mifuko ya hewa ya Takata, ambayo ikifyatuka inaweza kurusha vipande vya chuma na imeshaua watu. Matengenezo hayo ni bure kwa wakala, hata kama gari umelinunua mkononi.

Mlioko Minnesota, Ohio au Massachusetts mna adui mwingine: chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, ambayo inaleta kutu. Osha chini ya gari kila wiki majira ya baridi, siyo juu tu. Na mara moja kwa mwaka mwombe fundi alinyanyue, agonge kwa nyundo ile fremu inayobeba injini na mikono ya magurudumu ya mbele. Injini inayokula oili unaweza kuishi nayo miaka kwa kuiongezea. Chuma kikibomoka chini ya nyundo, usilipie tena hata breki pedi, na usiwapakie watoto humo. Liuze kama chuma chakavu.