Namna ya kufuatilia kisukari baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Mgonjwa wa kisukari aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, sukari ikashuka hadi akaachishwa dawa, asijihesabu amepona moja kwa moja, kwani katika utafiti mkubwa wa Sweden walioondokewa na ugonjwa walikuwa asilimia 72 baada ya miaka 2, lakini asilimia 36 tu baada ya miaka 10.

Pima HbA1c, yaani wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3, angalau mara moja kwa mwaka, hata kama hujisikii vibaya. Ikifika asilimia 6.5, mwone daktari mapema. Omba pia kupimwa sukari asubuhi kabla ya kula, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma, unaowapata wengi baada ya upasuaji huu, unaweza kupandisha HbA1c kuliko hali halisi. Endelea kuchunguzwa macho, figo na miguu.

Ugonjwa ukirudi, hasa kwa aliyeishi nao miaka mingi au aliyekuwa akitumia insulini, huo si ushahidi wa ulafi, na hakuna sababu ya kuona haya kliniki. Ila usimeze dawa za zamani zilizobaki nyumbani, maana mwili uliopungua huenda ukahitaji dozi tofauti.