Kupatana bei ya SUV ya familia: bima iulizwe kabla ya arbuni

Nilikaa upande wa wauzaji miaka saba kabla sijaanza kuwasindikiza wanunuzi. Kosa linalowagharimu wenye familia pesa nyingi ni moja: mnunuzi anakaza uzi kwenye bei kwa saa tatu, anapunguziwa, anatoa arbuni kwa furaha, halafu kesho yake ndipo anampigia wakala wa bima. Hapo anatajiwa ada inayomeza punguzo lote alilolipigania, na arbuni hairudi. Ndiyo maana katika mwongozo huu bima inatokea mapema, kabla hata hujamwambia muuzaji neno kuhusu bei.

Hatua ya 1: Hesabu watu wa kila siku

Andika ni wangapi wanapanda gari siku za kawaida. Wengi hununua SUV ya viti saba kwa ajili ya safari mbili za mwaka, kisha wanalipia mafuta, matairi na bima ya gari kubwa siku 365.

Kama una watoto wadogo, nenda na viti vyao vya usalama ukavifunge mwenyewe. Vishikizo vya ISOFIX vya kufungia viti hivyo, ambavyo kiwango chake cha kimataifa ISO 13216 kilitolewa mwaka 1999, mara nyingi vipo kwenye viti viwili vya pembeni vya safu ya kati tu, na safu ya tatu ya magari mengi haina kabisa. Simamisha safu hiyo ya tatu uangalie buti imebaki na nafasi gani. Mkalishe mtu mzima huko nyuma. Ikiwa magoti yanamfikia kifuani, hilo kwako ni gari la viti vitano, na usikubali kulilipia kama la saba.

Kuhusu nyota za usalama, tazama mwaka wa jaribio. Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari na kutoa nyota hizo, imekuwa ikigongesha magari tangu 1997 na masharti yake huongezwa ugumu kila baada ya muda, kwa hiyo nyota tano za 2010 haziko sawa na nyota tano za miaka ya karibuni. Muuzaji hataji mwaka. Muulize.

Hatua ya 2: Chagua magari matatu, yatafutie bima yote

SUV mbili zinazouzwa bei ileile zinaweza kutofautiana sana kwenye bima. Kampuni hutazama thamani, nguvu ya injini, bei na upatikanaji wa vipuri, jinsi aina hiyo inavyoibiwa, umri na rekodi ya madereva, na gari linalala wapi. SUV za kisasa zina kamera kwenye kioo cha mbele na vihisi ndani ya bampa. Kioo kikipasuka hakibadilishwi tu, kamera nayo lazima ipimwe upya. Gharama hizo zimo ndani ya ada unayotajiwa.

Wapigie watoa bima angalau watatu. Jambo linalowapotosha wengi ni kulinganisha ada bila kulinganisha masharti. Kila mmoja mpe taarifa zilezile: thamani ileile, madereva walewale, matumizi yaleyale, na kiasi kilekile utakachobeba mwenyewe kwenye kila dai, ambacho mawakala wengi hukiita ekses. Ada ndogo yenye ekses kubwa inamfaa mwenye akiba. Kama huna pesa ya kutoa kesho asubuhi baada ya ajali, ada hiyo ndogo itakuacha na gari lililokaa gereji.

Uliza kama punguzo la miaka uliyokaa bila madai litahamia kwenye gari jipya. Wengi wanalo na hawalitaji, wakidhani limekufa na gari la zamani. Omba majibu yote kwa maandishi, pamoja na tarehe ambayo bei hiyo ya bima itakoma kutumika.

Baada ya hapo, kwa kila gari jumlisha bei na ada ya bima ya miaka mitatu. Nimeona mara nyingi gari lililokuwa la kwanza likishuka hadi la tatu kwa hesabu hiyo peke yake.

Hatua ya 3: Lichunguze kabla hujataja bei

Fika injini ikiwa ya baridi. Shika boneti kwa kiganja. Ikiwa ina moto, muuzaji ameshaliwasha, na huenda anaficha gari linalosumbua kuwaka au linalotoa moshi asubuhi. Ahirisha, urudi siku nyingine bila taarifa.

Soma namba ya utambulisho wa gari, yenye herufi na tarakimu 17, kwenye mwili wa gari na kwenye hati. Zifanane moja baada ya nyingine. Namba halali haina herufi I, O wala Q, kwa sababu hufanana na 1 na 0. Itumie namba hiyo kuuliza kama gari limewahi kuitwa na mtengenezaji lirekebishwe bure. Mifuko ya hewa yenye kasoro ya kampuni ya Takata peke yake ilisababisha mamilioni ya magari kuitwa duniani kote, na bado unaweza kukuta gari ambalo halikupelekwa. Kwa chombo kinachobeba watoto, hili halina mjadala: lirekebishwe kwanza, ndipo mzungumze.

Kwenye matairi tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama gari linaendeshwa na magurudumu yote manne, matairi yawe ya aina na saizi moja na yawe yamelika karibu sawa, la sivyo mitambo inayogawa nguvu inaumia. Vuta mikanda ya usalama hadi mwisho. Tope au madoa ya maji huko ndani ni dalili ya gari lililozama.

Mlete fundi wako, asiwe yule anayependekezwa na muuzaji. Usimwombe maoni tu. Mwombe orodha yenye gharama: breki kiasi hiki, shokamzoba kiasi hiki, mafuta ya giaboksi kiasi hiki. Karatasi hiyo utaitumia katika hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Patana namba moja kwa wakati

Hapa ndipo nilipokuwa nikiwashinda wanunuzi nilipokuwa muuzaji. Mnunuzi anakuja na mambo matatu: bei ya gari, gari lake la zamani analotaka kulitoa kama sehemu ya malipo, na mkopo. Ukimruhusu muuzaji ayachanganye, atakupa raha kwenye moja na kukukamua kwenye jingine. Nilikuwa namwongezea mtu thamani ya gari lake la zamani, anashukuru, kumbe nimekataa kushusha bei ya jipya kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo maliza bei ya gari kwanza, iandikwe. Ndipo utaje la zamani. Mkopo uje mwisho.

Akikuuliza unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi, jibu kwamba leo mnazungumzia bei. Ukimtajia namba ya mwezi, ataitimiza kwa kurefusha miaka.

Omba bei kamili ya kuondoka na gari, ikiwa na usajili, nyaraka na kila ada. Punguzo linalotolewa kwenye bei ya gari na kurudishwa kwenye "gharama za nyaraka" ni mchezo wa zamani.

Usiulize "bei yako ya mwisho ni ipi?" Hakuna muuzaji anayetoa bei ya mwisho kwa swali la kwanza, na umempa nafasi ya kusimika ukuta. Weka mezani matangazo matatu ya magari ya mwaka na kilomita zinazokaribiana na la kwake, weka orodha ya fundi, kisha taja kiasi chako ukieleza kilivyopatikana: wastani wa matangazo, toa gharama za matengenezo. Kiasi chenye hesabu nyuma yake ni kigumu kukicheka. Ukishakitaja, nyamaza. Ukimya huo utakusumbua kuliko unavyofikiri, na wengi huuvunja kwa kujipandishia bei wenyewe. Uache umsumbue yeye.

Azungumze mmoja tu kati yenu. Muuzaji humtazama yule aliyependa gari kuliko yule anayetaja pesa, na mwenzako akishasema "rangi hii ndiyo niliyoiota", mazungumzo yameisha. Watoto wabaki nyumbani siku hiyo. Nalisema kwa upendo: mtoto aliyekwisha kaa kwenye kiti cha nyuma na kuchagua upande wake ni silaha ya muuzaji.

Utaambiwa kuna mteja mwingine anakuja jioni. Jibu la utulivu linatosha: "Akilichukua, ni riziki yake." Una magari mengine mawili yenye bei za bima tayari. Hiyo ndiyo nguvu yako halisi, kwa sababu unaweza kuinuka na kuondoka bila kuigiza.

Bei ikigoma kushuka, geukia vitu. Matairi manne mapya, sevisi kamili, dhamana ya kuandikwa, ufunguo wa pili. Ufunguo wa pili usiudharau: wa kisasa ni ghali kutengeneza, na gari likiibiwa, kampuni ya bima inaweza kukudai funguo zote.

Hatua ya 5: Kama ni mkopo, uliza riba inahesabiwaje

Tuseme unakopa 100 kwa asilimia 12 kwa mwaka, miezi 36. Riba ikihesabiwa kwenye salio linalopungua, utalipa jumla ya karibu 119.6. Ikihesabiwa kwenye mkopo wote wa mwanzo, bila kupungua hadi mwisho, utalipa 136, na riba yako halisi imepita asilimia 21. Namba iliyoandikwa kwenye tangazo ni 12 kwa zote mbili. Ukirefusha ule wa kwanza hadi miezi 72, malipo ya mwezi yanapungua lakini jumla inafika karibu 140.8.

Mkopeshaji akikulazimisha bima ya kampuni fulani, muulize kwa maandishi kama unaruhusiwa kuleta ya kampuni nyingine yenye kinga ileile. Tayari unazo bei tatu mkononi.

Hatua ya 6: Rudi kwa mtoa bima ukiwa na bei ya mwisho

Bima ya mtu wa tatu inalipa hasara uliyowasababishia wengine. Gari lako hailigusi. Kwa SUV iliyonunuliwa kwa akiba ya familia au kwa mkopo, kata bima kubwa, ile inayolipa na gari lako.

Halafu usishushe thamani ya gari ili ada ipungue. Mama mmoja aliniletea mkataba wake baada ya ajali. Wakala alikuwa amemshauri aandike gari kwa asilimia 60 ya thamani yake, "halitaibiwa, ni kugongwa tu". Likagongwa. Mikataba mingi ina sharti la uwiano: gari lenye thamani ya 100 lililokatiwa bima ya 60, likipata uharibifu wa 20, unalipwa 12, kisha ekses inakatwa. Matengenezo yaliyobaki alilipa kutoka kwenye ada za shule. Bado naumia nikimkumbuka, kwa sababu akiba aliyoipata kwenye ada ilikuwa ndogo sana. Kuandika thamani kubwa kupita kiasi nako hakusaidii, maana hulipwi zaidi ya ulichopoteza.

Uliza gari likiharibika kabisa utalipwa thamani gani: iliyokubaliwa siku ya mkataba au ya sokoni siku ya ajali? Kwa aliyekopa, tofauti hiyo inaweza kumaanisha kuendelea kulipia gari ambalo halipo. Uliza pia mafuriko, wizi wa vipuri, kioo, na gari la kutumia lako likiwa gereji. Soma ukurasa wa mambo yasiyolipwa kabla ya kurasa nyingine zote.

Sema ukweli wote. Kama kijana wenu ataendesha, ataje. Kama gari litabeba abiria wa kulipa mwishoni mwa wiki, liseme. Mwaka 1766, katika kesi ya Carter v Boehm huko Uingereza, Jaji Mansfield alieleza kwamba anayekata bima ndiye anayejua mambo ambayo mtoa bima hawezi kuyaona, hivyo asiyafiche. Sheria za nchi zimetofautiana tangu hapo, lakini jibu la uongo kwenye fomu bado linaweza kuua dai lote.

Ada nayo hupatanwa. Onyesha bei ya mshindani, taja kifaa cha kufuatilia gari kama kipo, uliza punguzo la kulipa mwaka mzima mara moja.

Hatua ya 7: Siku ya kulipa

Arbuni iwe na risiti inayosema itarudishwa kama hati zitaonekana na dosari. Bima ianze kufanya kazi kabla magurudumu hayajazunguka, na uangalie saa ya kuanza, maana tarehe peke yake haitoshi. Linganisha zile herufi na tarakimu 17 kwenye cheti cha bima na zilizo kwenye gari, kwa sababu kosa la herufi moja litachelewesha dai. Piga picha pande zote nne, odometa na viti vya ndani, uzihifadhi pamoja na mkataba.

Weka pia alama kwenye kalenda siku 30 kabla bima haijaisha. Siku hiyo tafuta tena matangazo matatu ya gari kama lako, upate thamani yake ya sasa, na uwapigie tena wale watoa bima watatu.