Somo: Kufupisha kumbukumbu za msaidizi wa akili mnemba bila kupoteza za maana

Wakuu, salaam. Kila wiki naulizwa lile lile: "Dada, mbona msaidizi wangu siku hizi anachanganya mambo?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrushia somo hili.

Kwa ambaye hajui: msaidizi huyu, kama ChatGPT, hakumbuki kama wewe na mimi. Ukianza mazungumzo mapya, anasomewa kwanza mistari aliyohifadhi kukuhusu, ndipo anajibu. Mistari ikiwa 200 na mingine inapingana, atashika wowote. Mimi napika chakula cha shughuli Morogoro, kwa hiyo yangu ilijaa wateja, bei, na nani hali nini.

1. Nakili mistari yote ya kumbukumbu (kwa kawaida iko kwenye mipangilio), ibandike kwenye faili la pembeni, lipe jina kwa tarehe ya leo.

2. Futa iliyokufa. "Mteja anataka chapati 60 Jumamosi." Walishazila.

3. Unganisha inayojirudia. Mimi nilikuta mistari mitano inayosema napenda majibu mafupi.

4. Panga kwa mafungu: mimi ni nani, wateja wa kudumu, jikoni, namna ya kunijibu.

5. Fupisha. Hapa tulieni, ndipo nilipoungua. Mara ya kwanza nilimwambia "fupisha yote iwe ukurasa mmoja", nikafuta ya zamani, nikalala. Ukurasa ulitoka msafi kama barua ya kuomba kazi. Mstari uliosema mtoto wa mteja wangu wa Kihonda asiguse karanga ukawa "baadhi ya wateja wana mahitaji maalumu ya lishe". Mahitaji gani? Ya nani? Na pale nilipoandika chakula kifike saa saba, yeye akaweka 7:00. Ratiba nikaichapisha bila kuikagua, nikampa kijana wa jikoni. Saa moja asubuhi yuko mlangoni kwa watu na sufuria ya pilau, wenye shughuli wanapiga mswaki.

Kwa hiyo: fupisha fungu moja moja, usifagie yote. Mwambie wazi kwamba majina, namba, tarehe na saa asiziguse. Saa andika 13:00, maana saa zetu na za kizungu zimepishana sita. "Kesho" na "mwezi ujao" zigeuze tarehe kamili. Sababu iache: "asiwekewe karanga, zinamdhuru" ni tofauti na "hapendi karanga", na akishaipoteza sababu atakushauri kachumbari ya karanga siku moja. Halafu usifupishe muhtasari wa mwezi uliopita. Rudi kwenye faili la hatua ya 1. Kopi ya kopi hufifia.

6. Fungua mazungumzo mapya, muulize maswali matano ambayo majibu yake unayajua. Akikosa moja, rudi hatua ya 5.

MASWALI

Kijana wa Msamvu: Si nimwambie tu ajisafishe mwenyewe?

Jibu: Hatua ya 5.

Kijana wa Msamvu: Nimeipitia juu juu, ni ndefu.

Jibu: Basi andaa pilau la asubuhi.

Mzee wa Duka: Natumia ChatGPT. Nimefuta mazungumzo yote na bado analijua deni langu.

Jibu: Kufuta mazungumzo si kufuta kumbukumbu, mzee wangu. Zilizohifadhiwa zina sehemu yake kwenye mipangilio. Futa huko, na mazungumzo zilikotoka pia.

Binti Cherehani: Dada, nina mistari miwili ya bei ya kushona sare, ya Januari na ya Juni. Nifute ya zamani?

Jibu: Umeuliza vizuri, mdogo wangu. Fanya mstari mmoja: "Tangu 3 Juni bei ni hii, kabla ilikuwa ile." Ukiiacha miwili bila tarehe atabahatisha. Mteja wa zamani akilalamika, unajua alizoea ngapi. Ila bei zinazoyumba kila wiki, kama vitambaa, zisiingie kabisa. Ziweke daftarini, umbandikie siku ya hesabu. Vipimo vya wateja navyo weka daftarini, utanishukuru.

Mdau Mpya: Nimehifadhi humo namba ya siri ya pesa za simu ili nisisahau.

Jibu: Toa sasa hivi. Kisha ibadilishe.

Fundi Programu: Sisi wa Claude Code, msaidizi wa kuandika programu, kumbukumbu ni faili la maandishi tu, CLAUDE.md, ndani ya folda ya mradi. Naliweka kwenye Git, programu inayotunza kila toleo la faili, kila nikifupisha naona mstari gani umetoka na lini.

Jibu: Hiyo nimeipenda. Nasi wa sufuria kumbe twaweza kulaza faili la zamani na jipya sambamba, tukapitia mstari kwa mstari. Nitajaribu mwisho wa mwezi.

Binti Cherehani: Dada, wale wa pilau la alfajiri walilipa?

Jibu: Walilipa yote, wakalipasha moto mchana. Kipaimara cha mtoto wao kapika mwingine.