Somo: Kufufua meza ya chakula ya miaka ya 1950 kwa nyumba ndogo

Samani za chakula za miaka ya 1950 na 1960, hasa zile za msaji kutoka Denmark, huzifaa nyumba ndogo: miguu myembamba, hazina nakshi, na meza nyingi zina mabawa ya kukunja. Hans Olsen, mbunifu wa samani wa huko, aliwapita wabunifu wote. Viti vyake vya miguu mitatu huingia chini ya meza ya duara mpaka maegemeo yanakuwa ukingo wa meza yenyewe. Ila ukipata iliyochakaa, usikimbilie kopo la vanishi.

1. Pima chumba. Kila mlaji anahitaji takribani sm 60 za ukingo wa meza, na nyuma ya kiti ziachwe sm 75 hadi 90 ili mtu ainuke. Pima meza ikiwa wazi. Muuzaji atakutajia kipimo cha ikiwa imekunjwa.

2. Viungo. Hapa ndipo penye kazi. Weka goti juu ya kikalio cha kiti, shika egemeo, sukuma mbele na nyuma. Kiungo kinacholia kifumuliwe chote, kwa sababu gundi nyeupe ya mbao haishiki juu ya gundi kavu. Inataka mbao tupu. Viti vingi vya zamani viliunganishwa kwa gundi ya wanyama, nayo hulainika kwa joto na unyevu. Zungushia kitambaa cha maji moto, subiri, kisha gonga taratibu kwa nyundo ya mpira. Kwangua mabaki, paka gundi mpya, kaza. Huna klampu, yaani kibanio? Zungusha kamba kwenye miguu, pitisha kijiti katikati, sokota. Kiti kikauke kikiwa kimesimama mahali palipo sawa kabisa, la sivyo kitacheza. Misumari hapana: hupasua ulimi wa kiungo, yaani ncha inayoingia tunduni, na fundi atakayekuja baadaye atakulaani, tena kwa haki.

3. Osha kwa sabuni laini na kitambaa kilichokamuliwa. Wakati mwingine kazi huishia hapo.

4. Msasa. Tazama ukingo: kama nyuzi za juu zinakatika ghafla hapo, huenda hiyo ni vinia, yaani ganda la mbao lililogundishwa juu, mara nyingi nyembamba kuliko milimita moja. Mashine itaitoboa kufumba na kufumbua. Tumia mkono, namba 180 kisha 240, ukifuata nyuzi.

5. Mafuta ya mbao, kama ya kitani. Paka, acha yanywewe, futa yote yaliyobaki. Matambaa yenye mafuta ya kitani yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje yakauke.

Maswali

*Fundi, sufuria imeacha duara jeupe mezani. Nipige msasa?*
Bado. Weupe ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi. Pitisha pasi ya vuguvugu juu ya kitambaa cha pamba, sekunde chache chache. Lingekuwa jeusi, maji yangekuwa yamefika kwenye mbao, na hiyo ni kazi ya asidi ya oksaliki, dawa ya kung'arisha madoa ya mbao, na glavu mkononi.

*Nimebadilisha sponji za viti, sasa mapaja yanagusa meza.*
Sponji ni nene mno. Kati ya kikalio na meza panatakiwa sm 25 hadi 30. Weka nyembamba iliyo ngumu. Miguu ya meza usiiguse.

*Yangu imepakwa rangi ya zamani. Naisugua tu?*
Usiisugue ikiwa kavu. Rangi za enzi hizo huweza kuwa na madini ya risasi. Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978. Pima kwanza kwa kipimo cha risasi. Ikionekana ipo, mwachie mtaalamu, na watoto wasikaribie.