Namna ya Kuandika Riwaya ya Ndugu Mahasimu na Uchawi wa Rangi

Waandishi wengi wanaoanza riwaya ya fantasia hujenga uchawi upande mmoja na ugomvi wa wahusika upande mwingine, kisha hujaribu kuviunganisha katika sura za mapigano. Katika uandishi wangu nimeona kwamba hadithi ya ndugu wawili wanaogombana hushika zaidi pale sheria inayoongoza uchawi inapokuwa ndiyo hiyo hiyo iliyozaa ugomvi wao. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, kwa kuwa kila moja inategemea iliyotangulia.

Hatua ya 1: Chagua sheria moja ya mwanga

Usianze kwa kuipa nyekundu moto na buluu maji. Mgawanyo huo msomaji ameuzoea, na haumpi mhusika tatizo lolote la kutatua. Anza na mwanga wenyewe. Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1704, alieleza kwa majaribio ya mche wa kioo kwamba mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi. Hapo tayari una sheria: mchawi haumbi rangi, bali huitenga kutoka kwenye mwanga uliopo, na ndani ya pango lenye giza hana chochote. Sheria nyingine ni kwamba maji humeza nyekundu kabla ya buluu. Ninayoipenda zaidi ni ile aliyoieleza mwanasayansi Jan Purkinje katika karne ya 19: jioni inapoingia, nyekundu hufifia mapema machoni hadi kukaribia weusi, ilhali buluu huendelea kuonekana. Chukua moja tu. Sheria tatu kwa pamoja humchosha msomaji kabla hajawajua ndugu wenyewe.

Hatua ya 2: Weka gharama

Rangi ina historia ndefu ya kuwa adimu. Mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alihitaji konokono wa baharini 12,000 ili kupata gramu 1.4 tu za rangi ya zambarau ya kale. Uchawi wako nao umgharimu anayeutumia kitu kinachohesabika, na kiasi hicho kisibadilike kwa sababu tu shujaa yumo hatarini.

Hatua ya 3: Wape ndugu macho tofauti

Hatua hii ndiyo moyo wa kazi, kwa hiyo itumie muda mwingi kuliko nyingine zote. Mwaka 1794 mwanasayansi John Dalton alieleza kwamba ua alilolijua kuwa na rangi ya pinki lilionekana kwake la samawati mchana na jekundu kwa mwanga wa mshumaa, na kati ya aliowauliza, kaka yake ndiye aliyeliona kama yeye. Leo tunajua kwamba hali ya kutotofautisha nyekundu na kijani kwa kawaida hurithiwa kupitia kwa mama. Mama anayebeba jeni hiyo, huku yeye mwenyewe akiona vizuri, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumpa kila mwana wa kiume. Kwa hiyo wana wa tumbo moja, waliolelewa katika nyumba moja, wanaweza kuona dunia mbili.

Tuseme basi kaka hutumia nyekundu, na mdogo, asiyeitofautisha na kijani, hutegemea buluu. Kwa sheria ya Purkinje, kaka hutawala mchana na mdogo hupata nafasi yake jioni. Huhitaji kumfanya yeyote mwovu.

Hatua ya 4: Tafuta kisichogawanyika

Ardhi na dhahabu hugawanyika, na ndugu wenye akili wangegawana. Chagua cheo cha mtu mmoja: mlinzi wa mnara, anayeteuliwa kwa kutenganisha nyuzi nyekundu na za kijani mchana wa jua kali. Utotoni kaka alikuwa akimnong'oneza mdogo wake uzi upi ni upi. Siku ya mtihani alinyamaza. Kosa dogo la namna hiyo, linalotokana na upendo uliokatika ghafla, hubeba riwaya nzima kuliko mauaji ya baba.

Hatua ya 5: Andika pambano kwa kufuata saa

Panga tukio kulingana na mwanga unavyopungua, kwa mfano:

Jua lilipogusa mlima, joho la kaka lilianza kuwa jeusi kuanzia kwenye mikunjo. "Tungoje kupambazuke, mdogo wangu," alisema. "Siku ile ya nyuzi nilikungoja useme, kaka," mdogo akajibu, "nawe ukanyamaza."

Unaposimulia kwa macho ya mdogo, usimwachie aitofautishe nyekundu na kijani kwa kuitazama tu. Aitambue kwa mahali ilipo, kwa jina lake kutajwa na wengine, au kwa ung'avu wake.

Hatua ya 6: Pima rasimu

Chukua kila sura ya ugomvi, badilisha saa ya tukio kutoka jioni hadi adhuhuri, kisha isome upya. Ikiwa maneno ya ndugu hao na matokeo yao yanabaki vile vile, sura hiyo bado haijaungana na uchawi. Irudishe kwenye hatua ya 3 na uulize kila mmoja anaona nini ambacho mwenzake hakioni.